Steringi Aliyesimama Mlangoni Miaka Thelathini

Benchi letu liko kati ya milango miwili, wa kinyozi na wa fundi redio, na mimi nakaa kwenye kigoda changu upande wa birika, mahali ambapo sikio halipitwi na neno. Kahawa nauza mimi, maneno wanaleta wao, na yakipungua naongeza yangu. Jumamosi hiyo hapakuwa na mpira wala siasa. Juu ya meza ya Fundi, aliyoisogeza mlangoni apate mwanga, ilikuwapo kaseti ya gemu ya zamani, ya kijivu. Parafujo tatu zilikwisha kutoka, imebaki moja. Parafujo hiyo moja ndiyo iliyowafanya wanaume wanne waache kahawa yangu ipoe.

Hawa wanne nawajua tangu wana kamasi. Gemu lenyewe walilichezea sebuleni kwangu, kwa sababu televisheni ya mtaa mzima ilikuwa moja, na ilikuwa yangu. Kaseti ilikuwa ya Kinyozi na mdogo wake, tuliyemwita Mkono Wazi, baba yao aliwaletea kutoka safarini. Walimlea steringi mmoja, yule shujaa wa gemu, wote watano, kwa zamu, kila mtu nusu saa, na mimi nikishika saa na ufagio. Steringi anaanza hana kitu, fimbo tu na suruali. Anaokota dawa, anaokota ngao, anapiga wadudu, kila akipiga anaongezeka nguvu, mpaka mtoto aliyeanza kwa kukimbia kuku anaua joka. Nilikuwa napika huku nasikia, "Mama, tumepanda levo!" Nami najibu, "Pandeni, lakini mshushe miguu kwenye kochi langu."

Sasa wana vitambi, na kaseti inakufa.

Fundi: Nasema tena, maana mnanisikiliza kama redio isiyo na betri. Humu ndani kuna betri bapa, kama kifungo cha koti. Ndiyo inayoshika kumbukumbu. Imezeeka. Jana nimewasha mara tatu ndipo steringi akatokea. Kesho nikiwasha mara kumi huenda asitokee kabisa.

Spea: Si ubadilishe?

Fundi: Nikiitoa ya zamani, kaseti inasahau kila kitu. Naweza kuunganisha betri nyingine pembeni kwanza, halafu nitoe hiyo. Lakini mkono ukiteleza hivi tu, kwisha. Steringi anarudi kuwa na fimbo na suruali.

Huyu Spea ni dereva wa lori. Jina tulimpa kwa sababu hatupi kitu. Mkewe aliniambia mimi, na mimi siwezi kuwaambia nyinyi, ila chini ya kitanda chao kuna vioo vya pembeni vya magari ambayo hayapo tena duniani.

Spea: Basi tusimguse. Akiba haiozi. Mnajua mkobani mna nini? Dawa tisini na tisa. Nilizipanga mimi kwa mkono wangu.

Mwalimu: Na hukuruhusu mtu atumie hata moja. Steringi anatembea anachechemea, roho imebaki unyuzi, wewe unasema tunza, tunza.

Spea: Nilikuwa namtunzia bosi wa mwisho, yule adui mkuu.

Mwalimu: Kwenye daraja tulikufa mara kumi na nne na dawa tisini na tisa mgongoni.

Spea: Tulikufa, lakini tulikufa matajiri.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa ya mtu. Mwalimu naye asione kibanzi jichoni mwa mwenzake. Yeye ndiye aliyewaweka msimu mzima wa mvua nje ya lango la kijiji cha kwanza, wakipiga vile vidude vya utelezi, vinavyofanana na uji uliopata macho. Kila kimoja kinatoa alama moja. Wenzake wakisema twende, yeye anasema bado, tuongeze levo kwanza. Hadi leo ndivyo alivyo. Nafasi ya kuwa mkuu wa shule imepita mlangoni kwake mara tatu, na mara zote tatu alikuwa anamalizia kozi moja tu. Vyeti vimejaa ukutani hadi saa ya ukutani ikahamia jikoni.

Mwalimu: Mimi nasema fungua. Levo sabini na moja hazifutiki kwa betri. Ujuzi ukishaingia umeingia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Fundi: Chawa wanahusikaje?

Mwalimu: Fikiria tu, utaona.

Fundi: Mimi naona levo haikuwa ya steringi hata siku moja. Ilikuwa ya vidole vyetu. Kwani yeye alijifunza nini? Ni sisi tuliojifunza ukuta upi una tundu. Nikilala naliona lile pango, kushoto, kushoto, ruka, kulia.

Spea: Wewe mwongo. Ulikuwa unapotea pango hilo hadi Mama anazima televisheni.

Fundi: Nilikuwa napotea kushoto, kushoto, ruka, kulia.

 Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, taulo begani, anaitazama ile parafujo.

Spea: Mimi niwaambie siri ya lile gemu. Waliolitengeneza walikula njama na wauza makabati. Kizazi chetu chote kikifungua kitu kinaokota. Angalia nyumba za watu, mifuko ndani ya mifuko. Hilo si jambo la bure.

Mwalimu: Kabati unalo wewe?

Spea: Sina, nina chini ya kitanda. Na kuna kubwa zaidi. Mimi nakumbuka tuliacha dawa tisini na nane. Sasa ziko tisini na tisa. Nani aliokota moja?

Fundi: Hujui kuhesabu.

Spea: Nauliza tu. Miaka thelathini mtu amesimama peke yake mbele ya mlango wa mwisho, unadhani hatembei? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwalimu: Kwa hiyo steringi wetu ni kibaya?

Spea: Nimesema anatembea. Usinitie maneno mdomoni.

Tukacheka wote, hata Kinyozi alivuta mdomo upande mmoja. Nikasema moyoni, hapa ndipo mahali pa kuchokoza.

— Wanangu, nikauliza, hivi kwa nini hamkumaliza siku ile?

Nilikuwa najua. Nilitaka waseme wao.

Fundi: Mama nawe. Si tulikuwa tumefika mlango wa mwisho, taa ya njano pale juu, ngoma zinapigwa. Zamu ilikuwa ya Mkono Wazi. Mkaja kumwita kwamba shangazi yake ameshafika, anampeleka shule ya kule kwake.

Mwalimu: Akaweka kidude cha kuchezea chini, akasema, "Msiingie bila mimi." Tukaapa.

Fundi: Likizo akirudi, mashine imeharibika. Mashine ikitengenezwa, yeye hayupo. Halafu tukawa watu wazima.

Spea: Tumechoka kungoja. Betri inakufa, tuingie leo. Steringi ana nguvu, mkoba umejaa. Nusu saa tu, tumemaliza. Mbona kiapo cha watoto kinatufunga kama hati ya nyumba?

Kinyozi: Hakuna atakayeingia.

Alisema polepole. 

Spea: Ndugu yangu, huyo mwenyewe unayemtetea hujamsemesha miaka saba.

Kinyozi: Simtetei. Nimesema hakuna atakayeingia.

Spea: Na ukikumbuka alivyotumia lile jani.

Jani hilo nilieleze, maana lilileta kilio nyumbani kwangu. Gemu zima lilikuwa na jani moja la kumfufua mtu aliyekufa. Moja tu. Kinyozi alilipata baada ya wiki tatu za kutafuta, akalifungia mkobani. Zamu ya mdogo wake ilipofika, mzee mmoja wa humo ndani ya gemu, mwenye fimbo, aliyekuwa akimfuata steringi, akaanguka, na Mkono Wazi akampa. Mzee akaamka, akatembea nao kijiji kimoja, akawaaga, akaenda zake, ndivyo gemu lilivyopangwa. Kinyozi alilia siku mbili. Nilimuuliza yule mdogo, kwa nini? Akasema, "Mama, alikuwa amelala chini."

Mwalimu: Spea, acha hayo.

Spea: Naacha. Lakini kwanza jani, halafu saa ya marehemu. Mtu habadiliki.

Hapo hata mimi nilitamani nimmwagie birika. Baba yao alipofariki hakuacha kitu cha kushika ila saa ya mkononi. Kinyozi alikuwa akijiona amekwisha kuivaa yeye tangu udogo. Siku ya nne akaitafuta, kumbe Mkono Wazi amempa yule mhudumu wa hospitali aliyekuwa akimgeuza baba yao kitandani miezi mitatu. Hakuuliza, aliichukua tu akaitoa. Ndugu wawili wakatoka msibani wakiwa hawasalimiani, na mdogo akarudi alikotoka, mbali.

Kinyozi alifuta mikono mikavu kwa taulo.

— Fundi, akasema, ukitoa hiyo betri, ni asilimia ngapi?

— Mkono wangu ni mzuri. Lakini hii ni kuukuu, ndugu yangu. Nusu kwa nusu.

— Na usipoitoa?

— Wiki. Mwezi. Siku nikiwasha atakuwa hayupo.

Sasa, wakati wote huo alikuwa amesimama binti mmoja aliyeleta chaja ya kompyuta. Sikumjua, na mimi kutomjua mtu ni jambo la kusikitisha, kwa hiyo nilimpa kikombe ili apate sababu ya kukaa. Akakaa pembeni ya benchi, akanywa, akasikiliza. Akakohoa.

Binti: Samahani wazee.

Spea: Wazee ni kina nani?

Binti: Samahani, kaka zangu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza magemu. Ya simu.

Fundi alimsogezea kiti, kile asichompa mtu.

Mwalimu: Kumbe yanatengenezwa na watu. Basi tuambie, zile dawa mliweka za nini?

Binti: Za kunywa.

Mwalimu alimtazama Spea. Spea alitazama barabara.

Binti: Tunaweka vitu njiani ili mtu asikate tamaa. Aone jana alikuwa na fimbo, leo ana upanga. Na levo ni hivyo hivyo, ni njia ya kumwambia mtu, umefika mbali, endelea. Tunapanga kila kitu kimfikishe mlangoni. Watu wengi hawafiki. Lakini sijawahi kusikia waliofika, wana kila kitu, wakasimama.

Fundi: Tunamngoja mtu.

Binti: Nimesikia. Anajua?

Fundi: Anajua nini?

Binti: Kwamba mnamngoja. Mlimwambia?

   Spea akaanza kukuna goti. Fundi alichukua bisibisi, akaiweka pale pale alipoitoa.

Mwalimu: Anaweza kuwa anajua. Aliapa na sisi.

Binti: Alikuwa na miaka mingapi?

Mwalimu: Tisa.

 Kinyozi aliingia dukani kwake, akatoka na simu, akaishika kama kitu cha mteja.

Kinyozi: Nani ana namba yake?

Walitazamana. Spea, anayetunza vioo vya magari yaliyokufa, hakuwa na namba hiyo. Mwalimu alikuwa na ya zamani, haipatikani.

— Mimi ninayo, nikasema.

Wote wanne wakanigeukia.

Kinyozi: Tangu lini, Mama?

— Tangu msiba. Ananipigia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Anauliza miguu yangu, halafu anauliza kama umekula. Kila Jumapili, kama umekula.

Fundi: Mama, wewe? Wewe unayetuambia paka wa jirani amezaa na nani, hili umelifungia miaka saba?

— Hakuna aliyeniuliza. Na yeye aliniambia nisiseme mpaka ndugu yake aulize. Nimeumwa tumbo miaka saba kwa kulishika hilo neno, msinione hivi.

Niliinua birika kumwongezea binti wa watu, likatoa matone mawili na mashapo. Hakuna aliyedai. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye benchi, mahali ambapo huwa hakai kwa sababu ya wateja, na simu magotini.

— Nisomee, Mama. Polepole.

Nikamtajia, naijua kwa kichwa. Akakosea mara ya kwanza. Akakosea mara ya pili. Mara ya tatu Fundi alimshikia simu, naye akabonyeza. Ikaita.