Damu Isiyo na Jibu

Ukunda, nyuma ya soko, kuna benchi la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la vipuri. Wenyewe huliita Rufaa, kwa sababu kesi zilizoshindikana nyumbani huletwa hapo, na kwa sababu hospitali ya rufaa iko mbali na benchi liko karibu. Mwinyihaji humimina kahawa chungu kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, na hapendi kelele kabla ya kikombe cha pili. Alasiri hiyo kelele zilianza kabla ya cha kwanza, na aliyezianza ni Katana, ambaye hakuna amwitaye Katana. Ni Tembo. Jina hilo alipewa kwenye timbo la mawe huko Waa, alipokuwa akibeba peke yake jiwe la kubebwa na wawili. Siku hizi kikombe kidogo cha kahawa hukishika kwa mikono miwili, na wenzake wamejifunza kutazama kando anapokinywa.

Aliyekuwa akigombezwa ni Duncan, kijana wa bara aliyeletwa pwani na mradi wa utafiti na sasa anaendesha tuktuk. Alikuwa ametoa shikamoo yake, na Tembo hakuiitikia.

— Nimetoka Msambweni, Tembo alisema. Kwenye ile nyumba yenu ya utafiti. Unajua kuna nini?

— Najua, mzee.

— Kuna vifaranga. Mama mmoja anauza vifaranga. Nimemwuliza majibu ya damu yangu, akaniuliza nataka wa mayai au wa nyama.

Shutu, anayewauzia watalii leso kule ufuoni Diani, alicheka, kisha akakikata kicheko alipoona hana mwenzake.

— Mimi niliwaambia, alisema. Haba na haba hujaza kibaba. Walikuja na vichupa vidogo vidogo, leo wana pipa. Damu yetu inatengenezewa mafuta ya uso huko Ulaya. Hamwaoni wale bibi wa hotelini wanavyong'aa?

— Wanang'aa jasho, Mwinyihaji alisema.

Tembo hakuwa na haja na mafuta ya uso. Alimkazia Duncan macho.

— Mlinichoma uti wa mgongo, mkanitoa maji. Nililala chali kutwa, kichwa kinapasuka. Binti yangu Kadzo naye mkamtoa damu, naye mzima, hana hata kikohozi. Ukaniambia kwa mdomo wako kwamba mnatafuta alama ya kuonyesha ugonjwa kabla haujaanza kula misuli. Mliipata, hamkuipata?

— Tuliipata.

Shutu alikiweka chini kikombe chake.

— Kuna kitu kwenye damu kinapanda kabla mtu hajaanza kujikwaa, Duncan aliendelea. Lakini tulikiona kwa watu wachache. Huwezi kumwambia mtu ni mgonjwa ama si mgonjwa kwa kutegemea watu wachache. Lazima uthibitishe. Uchukue watu wengi, uwafuatilie miaka, maabara zingine zirudie kazi yako zione kama ni kweli. Tukaomba pesa za hiyo kazi. Mfadhili akasema yeye ameshalipia ugunduzi. Kuthibitisha si jambo jipya.

— Si jipya kwa nani?

— Kwake.

— Baba yangu alikufa akilishwa uji kwa kijiko. Kaka yangu akafuata, uji ule ule. Sasa zamu yangu. Kweli, hakuna jipya.

Alilisema polepole, na waliomjua waliona afadhali angepiga kelele.

— Pesa ipo, Shutu alidakia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, mwenyeji amepona wapi? Dawa nayo ipo. Wanangoja wagonjwa tuwe wengi ndipo waiuze. Na hiyo damu haimo tena nchini. Kuna waya wa intaneti umelazwa chini ya bahari. Mnadhani unapitisha video peke yake?

— Shutu, damu haipiti kwenye waya, Mwinyihaji alisema.

— Pesa inapita kwenye simu, na simu haina mfuko.

Mwinyihaji alimwongezea kahawa.

— Damu iko Nairobi, kwenye friji, Duncan alisema. Kama bado kuna mtu analipa stima.

Alilijutia hilo la mwisho papo hapo, lakini lilikuwa limeshamtoka.

Tembo aliinuka. Aliinuka kwa shida, bega likiparuza ukuta, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Ndani yake hakuwa mgonjwa wakati ule. Alikuwa yule wa timboni, na kijana huyu alikuwa mwepesi kuliko jiwe lolote alilowahi kubeba. Aliupeleka mkono kwenye ukosi wa shati lake ili amnyanyue. Vidole vilifika, vikagusa kitambaa, vikakataa kufunga. Akajaribu tena. Duncan hakurudi nyuma wala hakumsukuma. Alisimama tu, na hilo ndilo lililomchoma Tembo zaidi, kwamba kijana alikuwa anamngojea amalize.

— Kazini nilipigwa kalamu, mzee, Duncan alisema. Mimi na wenzangu wote, asubuhi moja. Ningekuwa na ufunguo wa hilo friji, ningekuwa nimeshakuletea.

— Nikalifanyie nini friji?

Hapo ndipo Kadzo alipofika. Ni binti yake Tembo, anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na jioni humpitia babake wakaenda nyumbani pamoja.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama, Mwinyihaji aliitikia peke yake.

Kadzo aliuona mkono wa babake uliolala kwenye kifua cha Duncan. Aliuondoa taratibu, akamkalisha. Hakuuliza kulikuwa na nini, maana sauti zao alikuwa amezisikia tangu kwenye kona.

— Kwao Swabir wameuliza, alisema. Posa wameisimamisha. Wamesikia habari za babu, za baba mkubwa, na zako, baba. Wanataka kujua kabla hawajaleta wazee.

Tembo alifungua mdomo ili awatukane, lakini binti yake alikuwa ameshageuka.

— Duncan, wewe ndiwe uliyenitoa damu. Mimi ninao ama sina?

Shutu aliinama.

— Sijui, Kadzo.

— Nani anajua?

— Hakuna mtu. Ukisoma ile damu yako leo, utapata namba. Namba hiyo maana yake bado haijulikani.

— Kwa sababu tulikuwa wachache.

— Ndiyo.

Kadzo alikunja mkono wa gauni lake la kazi hadi juu ya kiwiko, akaunyosha mkono mbele ya Duncan.

— Basi nitoe tena. Na dada zangu nitawaleta. Na wale wa Waa wote walio na ugonjwa huu, nitawapitia nyumba kwa nyumba. Mnataka wangapi?

Duncan aliutazama ule mkono. Mshipa ulikuwa umesimama vizuri, mshipa ambao angeupata kwa mara moja.

— Sina hata pamba, alisema.

— Shusha nguo, mwanangu, Tembo alisema, na hasira yake yote ilikuwa bado humo sautini, imekosa pa kwenda. Watu wanatutazama.

Kadzo hakuishusha.

— Basi nimpe nani? aliuliza, na safari hii hakumtazama yeyote.