Mama Mkwe Anatembezwa Mjini

Lile la kona tunaliita benchi kwa heshima tu. Ni ubao wa wajenzi waliomaliza kazi wakausahau, ukawekwa juu ya matofali, na wakikaa watatu unapinda, wakikaa wanne unalia. Kushoto hukaa Kinyozi, kwa sababu kibanda chake kiko hatua mbili nyuma na mteja akitokea anataka awe wa kwanza kumwona. Katikati hukaa Ramani, tarishi mstaafu, ambaye alipeleka barua za ofisi kwa miaka thelathini na hajawahi kukubali kwamba kuna mtaa asioujua. Bi Birika hakai kabisa. Husimama nyuma ya jiko lake la mkaa akimimina kahawa, na macho yake huhesabu nani anakunywa na nani amekishika kikombe kitupu ili asifukuzwe. Kulia kabisa hukaa Bomba, dereva wa gari la maji taka. Jina hilo kalipata kwa lile bomba nene analolishusha kwenye mashimo ya vyoo vya watu, na mwenyewe halimkeri. Ijumaa ile alasiri kahawa yake ilikuwa inapoa. Alikuwa na karatasi mkononi na kalamu nyuma ya sikio, na ukimwona Bomba na kalamu, ujue mambo yamemfika shingoni.

Mama mkwe alikuwa amefika mchana ule. Mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Kesho yake, Jumamosi, alitakiwa kutembezwa mjini kwa gari, yeye, binti yake na wajukuu wawili, na gari lilikuwa tayari: dogo, jeupe, la kuazima kwa binamu, limeshaoshwa mara mbili na lilikuwa limeegeshwa pale pale kona kana kwamba nalo limekuja kusikiliza. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo lilianza miaka kumi na mmoja nyuma, siku Bomba alipopelekwa ukweni kujitambulisha. Baba yake mdogo ndiye aliyekuwa msemaji, na alipoulizwa kijana anafanya kazi gani, alikohoa akasema: “Kijana wetu yuko Idara ya Maji.” Maji gani, hakuna aliyeuliza. Mama mkwe alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Tangu siku hiyo kwao mama huyo anajulikana kama mkwewe mtu wa Idara ya Maji, na inasemekana bomba la mtaani likikauka majirani huenda kumlalamikia yeye.

Bomba kazi yake haoni aibu. Angekuambia hivyo hivyo, tena kwa kukukazia macho. Aibu yake ilikuwa mbele ya mtu mmoja tu, na mtu huyo sasa hivi alikuwa amelala chumbani kwake, amejifunika shuka lake.

— Haya, soma, alisema Kinyozi. Kituo cha kwanza.

— Makumbusho, alisoma Bomba. Saa tatu asubuhi.

— Pazuri. Ukitoka hapa shika barabara kuu, alisema Ramani.

— Nashika barabara ya nyuma, ya mafundi gereji, natokea kwenye geti la bluu. Pale mlinzi ni yule mrefu.

— Anakujua?

— Ananijua? Kila mwisho wa mwezi niko pale. Akiniona tu anapiga mluzi. “Bomba! Leo umekuja na kiu?” Anaita mpaka ndani wanasikia.

Kinyozi aliguna, akachukua kalamu sikioni kwa Bomba bila kuomba, akakata makumbusho.

— Kituo cha pili.

— Bustani ya wanyama. Naingilia nyuma ya banda la viboko. Pale napo mama mmoja wa usafi ananiita mchumba.

— Mchumba! Bi Birika alisimamisha birika hewani. Mbele ya mama mkwe?

— Ni utani, dada yangu. Ana wajukuu sita.

— Utani ufanye wewe, kuelezea waeleze wengine. Kata hiyo.

Ikakatwa. Jengo refu, lile la ghorofa ishirini na tatu ambalo ukipanda juu kabisa unauona mji wote, nalo likakatwa, kwa sababu chini ya jengo lile kuna chemba tatu za maji taka na mafundi wake wote ni marafiki wa Bomba na wote wana sauti kubwa. Maktaba ikakatwa. Hoteli ya kunywea soda ikakatwa, na hiyo ilimuuma, kwa sababu watoto walikuwa wameshaahidiwa soda. Karatasi ilibaki na mistari ya wino na kituo kimoja: mzunguko mkubwa wa barabara wenye chemchemi katikati.

— Basi mzungushe pale, alisema Ramani. Mara ishirini. Kila mara mwambie huu ni mwingine.

— Atajua.

— Hawezi kujua. Mzunguko ni mzunguko. Mimi mwenyewe niliwahi kupotea pale na bahasha ya mkurugenzi, nikazunguka hadi bahasha ikalowa jasho, na nilikuwa na miguu yangu miwili, sembuse mama aliye kwenye kiti cha nyuma. Ukimbadilishia upande wa kukaa, leo kushoto, kesho kulia…

— Ziara ni ya siku moja, Ramani.

— Asubuhi kushoto, mchana kulia. Usinishike maneno.

Kinyozi alitikisa kichwa kwa huruma ya mtaalamu anayesikiliza wasio wataalamu.

— Nyinyi mnahangaika na barabara. Tatizo si barabara, tatizo ni sura. Bomba, njoo hapa saa kumi na mbili asubuhi. Natoa masharubu, natoa ndevu, nashusha nywele, natia rangi kidogo hapa pembeni. Nina suti ya harusi ya mdogo wangu, ina tai yake. Ukivaa na miwani ya jua, hata mama yako mzazi atakuamkia.

— Na mke wangu?

— Mkeo tutamwambia mapema, asije akapiga kelele za mwizi.

— Na mama mkwe? aliuliza Bi Birika. Leo mchana kapokewa na mkwe mwenye masharubu. Kesho asubuhi anaingizwa garini na mwanamume mwingine aliyevaa miwani, na binti yake kakaa pembeni anacheka. Hapo huyo mama ataita polisi au ataita ndugu zake?

Kinyozi alifikiri kidogo.

— Ndugu, alikiri.

Bomba alicheka, ila si sana. Alikuwa anajiona kesho, mikono kwenye usukani, geti linafunguliwa, yule mrefu anapiga mluzi, na nyuma yake mama mkwe anainamia mbele na kuuliza: “Baba, hawa wanakujuaje?” Alilisikia swali hilo kwa sauti yake kabisa, ile sauti ya upole, akahisi masikio yanamchoma. Angekuwa mkali angejua la kufanya. Huyu mama kila akipiga simu humuuliza kwanza kama amekula.

— Basi lala chini, alisema Ramani, ambaye hakuwa amemaliza. Mkeo aendeshe, wewe ulale kwenye buti. Ukisikia wametulia, unajua wamefika.

— Nitazame nini nikiwa kwenye buti?

— Wewe si mji unaujua? Wa kuutazama ni mama.

— Kuna kasuku pale bustani ya wanyama, Kinyozi aliingilia. Jamaa yangu mmoja anafagia pale. Anasema yule kasuku anashika majina ya watu. Kwa hiyo hata ukinyoa, hata ukilala kwenye buti, kasuku akisikia tu mlio wa…

— Kasuku tena! Toba!

— Nakuambia tu ujiandae.

Bi Birika aliitua birika juu ya jiko kwa kishindo. Alikuwa amewavumilia vya kutosha.

— Hebu nisikilizeni, wanaume wazima. Bomba, yule mrefu wa makumbusho anakaa geti gani?

— La bluu. La nyuma.

— Mchumba wako?

— Nyuma ya viboko.

— Hao mafundi wa jengo refu?

— Chini, kwa nyuma, kwenye… Uso wa Bomba ulianza kufunguka taratibu.

— Wote wanaokujua mji huu wako nyuma, alisema Bi Birika. Mbele kuna anayekujua?

— Hakuna! Hakuna hata mmoja!

— Basi ingia mbele na watu wako, na shati lako jeupe, ulipe kiingilio kama baba wa watu. Nani atapiga mluzi?

Weee! Ubao nusura uvunjike. Kinyozi alimpiga Bomba mgongoni. Ramani alidai kwamba hilo ndilo alilokuwa analikaribia. Karatasi iligeuzwa upande wa pili, ikaandikwa upya: makumbusho mbele, bustani ya wanyama mbele, jengo refu mbele, hoteli mbele, soda mbili kwa watoto na moja ya mama mkwe. Bomba aliinywa kahawa yake yote kwa mara moja, ingawa ilikuwa ya baridi, akaomba nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu mchana aliweza kukaa bila kutikisa goti.

Ndipo mkewe akatokea kwenye kichochoro, kanga kaitupia begani, anatembea upesi upesi kwa kuwa ameacha sufuria jikoni.

— Hamjambo hapo? Baba watoto, nimetumwa. Mama kaamka. Anauliza, huko mnakompeleka kesho kuna ngazi?

— Ngazi?

— Ngazi. Goti la kulia limekataa kukunjika tangu mwaka jana, hakutuambia, nimemwona leo anaingia mlangoni kwa kushika ukuta. Anasema kama ngazi ni nyingi asiwabebeshe watu mzigo, yeye atabaki tu nyumbani na sisi twende. Kwa hiyo nimwambieje? Makumbusho, pale mbele watu wanapoingilia, kuna ngazi ngapi?

Bomba alimtazama Ramani.

— Si ulikuwa unapeleka barua pale?

— Miaka thelathini, alisema Ramani. Barua hupokelewa pembeni. Kuna kidirisha.

— Kinyozi?

— Mimi mkurugenzi wake namnyoa. Lakini anakuja yeye hapa.

— Bi Birika, wewe uliwauzia kahawa waliojenga lile jengo refu.

— Niliwauzia. Wakati ule halikuwa na mlango.

Mke wa Bomba aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja. Alidhani wanamtania. Kisha akaona hawacheki. Kinyozi alikuwa anafuta kioo cha mkononi ambacho hakikuwa kichafu, na Ramani alikuwa anakunja na kukunjua vidole kama anayehesabu ngazi asizowahi kuziona.

Bomba aliishika karatasi yake kwa mikono miwili. Mbele, mbele, mbele, ilisema, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alijaribu kuiona hiyo mbele ya makumbusho, lakini akili yake haikumletea picha yoyote. Huenda kulikuwa na ngazi tano. Huenda kulikuwa na hamsini. Miaka kumi na minne anakwenda pale.

— Nyuma hakuna, alisema.

— Hakuna nini?

— Ngazi. Nyuma hakuna hata moja. Alizungumza polepole, na kadiri alivyozungumza ndivyo sauti ilivyozidi kuwa yake. Gari langu la kazi lina tani kumi, haliwezi kupanda hata kizingiti, kwa hiyo wamemwaga zege kutoka getini mpaka mlangoni, sawa kabisa. Mlango ni mpana. Unaingia, kuna korido, kushoto kuna benchi la walinzi, mtu anaweza kupumzika. Bustani ya wanyama hivyo hivyo, unashuka viboko hawa hapa. Jengo refu lifti ya mizigo inaanzia chini kabisa, hupandi kitu.

— Kumbe unapajua hivyo.

— Napajua.

Mkewe alikuja akasimama karibu naye. Yeye ndiye hufua ile ovaroli kila jioni kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kumsahihisha mama yake hata siku moja kuhusu Idara ya Maji, kwa ajili ya huyu aliyekaa hapa.

— Atakuita, alisema kwa sauti ya chini. Yule wa mluzi.

— Ataita.

— Na mama atauliza.

— Atauliza tukiwa tumeshafika ndani, alisema Bomba, na atakuwa amekaa. Nenda kamwambie ngazi hakuna. Avae viatu anavyovipenda.