Fidia ya Managu

Barakoa zilikuwa zimeshuka videvuni ndani ya basi la mji wa Eagan, huku Marekani. Mzee mmoja Mkenya, mwenye buti za shamba, alikuwa akimlalamikia nesi wa kwetu aliyeketi kando yake.

"Fidia ya korona ya serikali, jirani yangu anayelima mahindi amepata. Kwangu afisa alikuja, akasimama katikati ya mboga zangu za managu, akaniuliza nimepanda wapi."

"Ukamwonyesha?"

"Akasema hayo ni magugu, niyapulizie dawa."

"Si ushukuru, mzee! Ushauri wa bure huo."

"Mwenye shamba hapokei ushauri. Nisipolipa kodi mwezi huu ananitoa."

Kiti cha nyuma yao, nilimeza mate. Sijaonja magugu hayo tangu nihamie huku.

Basi likasimama hospitalini. Nesi akageuka mlangoni. "Sasa akikutoa, sisi tutakula mboga gani?"

"Mahindi, mama. Hayo serikali inayajua."