Awut Mabior na Jumamosi Zake za Michezo

Bwana asifiwe. Wachungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu na majirani, mimi ni Arop Mabior, kaka mkubwa wa marehemu, familia imeniomba nisome historia yake, nami nitasoma polepole kwa sababu nimechoka.

Marehemu Awut Mabior alizaliwa tarehe mosi Januari 1979 karibu na Bor, hiyo ikiwa tarehe aliyoandikiwa na karani wa kambi, kwa kuwa mama yetu alikumbuka mvua tu. Mwaka 1992 tulifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akaanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, akamaliza la nane mwaka 2000, kisha akasoma sekondari Kitale hadi 2004.

Amani ilipotiwa saini tulirudi, tukafika Juba Februari 2006, akafungua kibanda cha kushona sare za shule katika soko la Jebel. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo alifunga ndoa na Bwana Marino, wakajaliwa mabinti wawili, Akech, aliyezaliwa 2007, na Akur, aliyezaliwa 2009.

Hapa kanisani Hai Malakal alichaguliwa kiongozi wa vijana Januari 2007, akakuta Waganda wanakaa upande wa dirisha, waliokulia Kenya nyuma, na waliobaki hapa vitani karibu na mlango, wala hawasalimiani. Kila Jumamosi akaleta katika uwanja wa kanisa kamba ya kuvuta, magunia ya kukimbilia, mayai na vijiko, akaweka sharti kwamba hakuna kucheza upande mmoja na mtu wa lugha yako, na yeye mwenyewe alikimbia ndani ya gunia na gauni lake la kitenge, akaanguka, wakamcheka, akacheka kuliko wote. Kufikia Pasaka ya 2008 walikuwa vijana sabini, na kwenye mabenchi walikuwa wamechanganyika.

Tarehe 6 Aprili 2008 baraza la wazee lilikaa, kwa sababu jirani mmoja alikuwa na bika, yaani matanga, na kelele za michezo zilimuumiza, ndipo tukaamua kwamba hakuna mchezo uwanjani maadamu kuna bika mtaani. Mwandishi wa uamuzi huo ni mimi. Sikufikiri kwamba katika mji huu ni vigumu kupata Jumamosi isiyo na bika. Marehemu hakubishana, kila Ijumaa akitoka sokoni alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna msiba, na katika miezi thelathini vijana walicheza Jumamosi nne tu, wakabaki kumi na tisa. Mara moja tu aliniambia kwamba hawa watoto kulia wanajua tayari, nikamjibu kwamba kanisa si uwanja wa mpira.

Julai mwaka huu alianza kuugua figo, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Wiki mbili zilizopita aliniuliza kitandani kama mtaani kuna bika, nikamwambia ipo, akageukia ukutani. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Oktoba 2010, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, mafundi cherehani wenzake wa Jebel waliofunga vibanda siku tatu, na wakwe zetu, Mungu awabariki nyote.

Jana Mirembe, katibu wa vijana, aliniuliza kwa adabu wangoje siku ngapi, kwa kuwa sasa bika ni ya kwetu. Namjibu leo mbele yenu, wala sijaliuliza baraza: tukishazika, saa kumi jioni uwanja uko wazi, chezeni, pigeni kelele, na atakayechukizwa aje kwangu mimi mfiwa.

Pumzika, mdogo wangu, ruhusa nimeitoa, na nimechelewa.