Wadau Wenye Majagi

Mzee Sosthenes, mwenyekiti wa kamati ya utalii ya kijiji, alikuwa ameketi nyuma ya wanawake wawili katika basi la kutoka Iringa mjini linalopitia Kalenga. Alipotambua sauti ya Blandina wa kikundi cha mapishi, akatega sikio, maana alitarajia kusifiwa.

"Kumbe na ninyi mlikuwa kwenye kikao na kampuni ya watalii?" aliuliza jirani yake wa kiti, muuza mchele wa Madibira waliyefahamiana humo humo.

"Tulikuwepo, dada. Tulinawisha. Mwenyekiti akatuonyesha kwa wageni, akasema hawa akina mama ndio wadau wetu wakuu. Wote wakapiga makofi isipokuwa sisi, maana tulishika majagi na mabeseni."

Muuza mchele alicheka mpaka akafuta machozi. "Na ninyi mkasema nini?"

"Tuseme saa ngapi? Walipokubaliana kwamba watalii watalala majumbani kwetu, sisi tulikuwa nje tunaosha sahani. Sasa Jumamosi wakija watamkuta mwenyekiti peke yake. Apike yeye, anawishe yeye."

Mzee Sosthenes alishusha kofia hadi kwenye nyusi. Alikumbuka kwamba maji ya siku ile yalikuwa ya vuguvugu, na kwamba hakumtazama aliyemmiminia.

Basi liliposimama Kalenga, Blandina aliinuka, akakunja goti kidogo mbele yake kwa heshima, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwenyekiti. Hushuki?"

Nyumba ya Mzee Sosthenes ilikuwa inaonekana dirishani. Akajibu kwamba anafika mbele kidogo.