Mwalimu Matano na Darasa la Jumwa

Tarehe 31 Desemba 1958, Mwalimu Matano Tsuma anastaafu baada ya kuitumikia skuli yetu hapa Msambweni kwa miaka ishirini na tisa. Kamati imenipa mimi kazi ya kumwandikia wasifu. Nimeikubali, ingawa chumba kizima cha walimu kinajua kwamba mtu huyu nimemwonea kijicho tangu siku niliyoajiriwa.

Alitoka kwao Kikoneni, akaripoti kazini Januari 1930 na baiskeli isiyokuwa na breki. Kazi iliyompa jina ni kuwaandaa vijana kwa mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Aliwajazia fomu, akawatafutia barua ya chifu, akawapeleka hospitali kuchukua cheti cha daktari. Wasiojua mwaka waliozaliwa aliwarudisha kwa bibi zao, wakahesabu pamoja tangu mwaka wa nzige mpaka jibu likapatikana. Katika miaka hii minane ya mwisho, vijana wake ishirini na saba wamepata nafasi chuoni. Wangu ni wanne.

Si kwamba sikujitahidi. Nilikuwa na darasa langu la ziada kila Jumamosi, na mabenchi yalikaa matupu, kwani watoto walikuwa shambani na wazazi wao. Matano alifundisha siku ya jumwa, ile siku ya mwisho ya juma letu la siku nne, ambayo wazee wetu wa Kidigo hawashiki jembe. Darasa lake lilijaa hadi madirishani. Mimi ni Mdigo kama yeye, na bibi yangu aliwahi kunichapa kwa kulima siku hiyo, lakini wazo la kufundisha siku hiyo halikunijia akilini.

Kilichoniudhi zaidi ni lile somo lake la macho. Sisi tumewalea watoto wainamishe uso mbele ya mkubwa. Matano aliwaketisha mbele yake mmoja mmoja, akawataka wajibu huku wakimtazama usoni, maana ndivyo watakavyo wale wa chuoni siku ya usaili. Nikaenda kumshtaki kwa wazee kwamba anawaharibia watoto adabu. Walipomwita aliwaamkia shikamoo kwa heshima zote, akaomba aazimwe macho ya watoto kwa nusu saa tu, kisha atayarudisha chini yalipokuwa. Wakacheka, wakampa ruhusa, nami nikarudi nyumbani na hasira zangu.

Mwaka 1954 binti yangu Mwanarusi alitaka kuingia chuo. Nilimkataza kabisa kwenda kwa Matano. Nilimfundisha mwenyewe, na kwenye karatasi za hesabu na Kiingereza alikuwa wa kwanza. Kwenye usaili alitazama sakafu tangu mwanzo hadi mwisho, kama nilivyomlea. Jibu likaja kwamba hajui kujieleza. Alilia siku tatu, nami nikasema chuo kina upendeleo.

Mwaka uliofuata akaomba tena. Kila jumwa aliniaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake Biasha, nami nikaamini. Barua ya kukubaliwa ilipofika, aliipeleka kwanza kwa Matano, kwangu baadaye. Ndipo nilipojua kwamba jumwa zile zote alikuwa darasani kwake. Matano mwenyewe alikuja kunipa hongera, akasema hesabu za mtoto ni za baba yake, yeye ameongeza macho tu. Laiti angejisifu, ningepata la kumchukia.

Leo Mwanarusi anafundisha darasa la tatu hapa hapa, na ndiye aliyenitaja kamati ilipotafuta mwandishi. Nilipokataa alisimama mbele yangu, akanitazama usoni bila kupepesa, akasema, "Baba, andika ya kweli." Mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana nimengoja mgema ashuke mnazi ndipo nimsifu. Ahsante sana, Mwalimu Matano. Rudi Kikoneni kwa heri, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri na afya, na mihogo yako isiguswe na nguruwe. Darasa lako umeniachia mimi. Jumwa ijayo tutaanza, Mwanarusi atafundisha somo la macho, na atakayeketi mbele yake wa kwanza ni baba yake.

Mwinga Kaingu, mwalimu wa hesabu