Lenzi Ndefu, Shangazi na Pumzi Zetu

Benchi letu lina miguu minne, lakini inayogusa chini ni mitatu. Wa nne hungoja mtu acheke ndipo nao ushuke. Liko kwenye kona, barazani pa duka la magodoro, na mbele yake Mama Buli huweka jiko la mkaa na birika la kahawa. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la ghorofa mbili. Kwenye dirisha la juu kabisa hukaa fundi cherehani, mama mtu mzima, tepu ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kwenye mkono wa blauzi. Huyo ni shangazi yake Ukungu. Ukungu mwenyewe ni mpiga picha, na jina hilo tulimpa sisi baada ya kuziona kazi zake.

Siku hiyo Ukungu alikuja na lenzi ndefu kama bomba la maji. Sakafu ya baraza imeinama kuelekea mtaroni, kwa hiyo stendi yake ya miguu mitatu aliisimamisha juu ya benchi, kwenye ncha, nasi tukasogea tukabanana upande wa pili. Tulikuwa watatu: Afande, mlinzi wa duka la magodoro, Profesa, fundi saa anayeamini kila kitu duniani kina springi, na mimi.

Afande akauliza anamwinda nani.

– Shangazi, alisema Ukungu. Anahama kesho alfajiri.

Tulikuwa tumesikia. Binti yake alikuwa amemwita akakae naye, mbali huko, na cherehani ilikuwa imeshatangulia. Mama wa watu alibaki pale dirishani akimalizia kwa mkono vifungo vya wateja wa mwisho. Ukungu alilelewa chini ya meza yake ya kukatia, akilala juu ya vipande vya vitambaa. Picha za shangazi anazo tele, na zote ni moja. Kamera ikisogea tu, mama hufunga mdomo, hunyoosha shingo, hukodoa macho kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kijana alitaka moja tu ambayo anacheka. Na kucheka, shangazi hucheka. Kutwa tunamwona pale juu mabega yakimtikisika.

– Fimbo ya mbali haiui nyoka, alisema Afande.

– Simuui, Afande. Nampiga picha.

– Ndiyo hivyo hivyo. Vuka barabara.

Ukungu alieleza kwamba akivuka atapata hukumu, si kicheko. Ndiyo maana alikuwa na lenzi ndefu, na nyuma yake kipande kifupi anachokiita konveta, kinachopachikwa kati ya kamera na lenzi ili kilicho mbali kije karibu maradufu. Alikuwa amefanya yote aliyofundishwa. Kasi ya kamera aliipandisha, tundu la lenzi alilibana kidogo, na kitufe hakukigusa kwa kidole: aliiacha kamera ijihesabie sekunde, ijipige yenyewe.

Kamera ikajihesabia, ikajipiga. Tukainama wote kwenye kioo chake kidogo. Palikuwa na kitu cha njano, kama uji wa mahindi uliovaa kilemba.

– Ndiye? aliuliza Profesa.

– Ndiye.

– Amekonda.

Afande alicheka akapiga benchi kofi, kisha akatoa hukumu yake. Kosa lilikuwa kasi. Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa chekechea anajua. Ukungu alijaribu kusema kwamba kwenye lenzi ndefu mambo ni kinyume, kwamba ukichelewa hata chafya ya jirani inaingia kwenye picha, lakini Afande alikuwa amekunja mikono. Kasi ikapunguzwa. Shangazi akatoka kama moshi.

Profesa alikuwa akikitazama kile kipande kifupi kwa jicho analowatazamia watu wanaojitengenezea saa zao nyumbani. Kwa maoni yake, konveta haichagui. Ukiituma imlete shangazi karibu, inamleta na vumbi lote lililoko katikati, na upepo, na harufu ya petroli, na chuki za majirani. Picha imejaa mno, ndiyo maana haieleweki.

– Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Sasa huyu mgeni umemwingiza katikati ya mtu na mkewe, kamera na lenzi. Mwenyeji atapona vipi?

Konveta ikatolewa. Shangazi akawa mdogo, lakini akaendelea kutetemeka vile vile, mtetemeko mdogo wa mtu mdogo.

– Kwa hiyo haikuwa inauleta mtetemeko, alisema Ukungu taratibu. Ilikuwa inaukuza tu.

Akairudisha. Hakuna aliyemjali, kwa sababu Afande alikuwa ameweka jicho kwenye kamera na kugundua jambo kubwa zaidi. Fremu ya dirisha ilikuwa inacheza. Siyo shangazi peke yake. Ukuta mzima ulikuwa unajipinda kama nguo iliyoloweshwa mtoni.

– Jengo linatembea, alisema. Mimi ni mlinzi. Majengo nayajua.

– Si jengo, alisema Profesa. Ni dunia.

Akasimama, akakaa, benchi likapanda likashuka. Dunia inazunguka, kila mtu anakubali. Dirisha la juu liko mbali na katikati ya dunia, kwa hiyo linakimbia zaidi. Benchi liko chini, kwa hiyo linachelewa. Shangazi anatuacha kila sekunde, na kesho ataondoka kabisa. Huo ulikuwa mwanzo tu wa safari. Dawa ni mpigaji azunguke polepole kinyume na dunia.

Mama Buli alituongezea kahawa, akapepea jiko, makaa yakawaka vizuri mbele ya pua ya ile lenzi.

Afande alikataa habari za dunia. Akasema tatizo ni pumzi. Watu wazima watatu tunapumua kandokando ya chombo kinachoona hadi uzi. Lazima kipate mafua. Tukakubaliana tushikilie pumzi. Tukavimbisha mashavu, vikombe vifuani, benchi likilia chini ya Afande, macho yametutoka kama vyura. Pale juu shangazi aliangusha kitambaa, akauficha uso kwenye mkono wa blauzi, mabega yakacheza.

– Anacheka, alinong'ona Ukungu. Msipumue.

Kamera ikajipiga. Uji.

Ukungu alikaa chini barazani. Jua lilikuwa limeanza kuliacha lile dirisha kwa chini, na shangazi alikuwa na vifungo vichache mbele yake.

– Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema Profesa kwa huzuni. Mshindo wetu ndio uliomtikisa.

Hapo Mama Buli aligeuza birika juu chini, likatoa tone moja.

– Kahawa imekwisha, na makaa nayo yamekwisha, alisema. Nendeni mkafanye kazi.

Akalibeba jiko, akaliingiza uani. Nasi tukainuka, maana benchi bila kahawa ni mbao tu. Afande alirudi mlangoni kwake, Profesa akaanza kutafuta miwani yake, mimi nikatafuta viatu. Ukungu peke yake alibaki, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaiwasha kamera.

Baada ya kitambo akatuita, hakupaza sauti.

Tuliinama kwenye kioo. Tuliona uzi ukiingia kwenye tundu la sindano. Tuliona unywele mmoja mweupe uliotoroka kilembani, na nambari kwenye tepu, zile ndogo zilizofutika kwa kushikwashikwa. Ukungu aliitazama sehemu lilipokuwa jiko, ambapo hewa sasa haikuwa ikicheza kwa joto, kisha akalitazama benchi tupu, limetulia kwa miguu yake mitatu. Aliguna.

Lakini mdomo wa shangazi ulikuwa umefungwa. Alikuwa amechungulia chini, akaona benchi tupu, akarudi kwenye vifungo vyake na uso ule ule wa hukumu.

– Sasa ameonekana, alisema Afande, ila kaondoka.

– Hasara ya kuona vizuri, alisema Profesa. Kicheko kinaishi kwenye ukungu, mwanangu. Ukikifuata na kioo kikali, kinahama.

– Kesho alfajiri, Profesa, alisema Ukungu. Hiyo ndiyo picha nitakayobaki nayo?

Tulirudi kwenye yale tuliyoyaweza. Afande akasema pumzi zijaribiwe tena. Alipotaka kuketi, Ukungu alimshika mkono.

– Fanyeni mnachotaka, Afande, ila mbao msiziguse. Nakuomba.

Basi tukapanga mstari kwenye ukingo wa barabara. Afande aliagiza mashavu. Profesa akaongeza sharti kwamba, tukiwa wima, hakuna kisingizio cha kutozunguka kinyume na dunia. Tukajaza pumzi, tukaweka vikombe vitupu vifuani, tukaanza kuzunguka polepole, mmoja nyuma ya mwingine, mguu baada ya mguu, kama kuku waliolewa. Mtu wa baiskeli alisimama. Mbwa akasimama.

Kutoka juu ukaja mlio ambao hatukuwahi kuusikia hadi huku chini. Kamera nayo, nyuma yetu, ilikuwa ikijihesabia.

Tulipoachia pumzi Ukungu alikuwa ameshaiona. Alitugeuzia kioo. Shangazi kichwa nyuma, mkono mmoja kwenye fremu, pengo la jino la pembeni liko wazi kama mlango wa nyumba yenye wageni, na kwenye kona ya jicho chozi moja lililoshika mwanga, limetulia, unaweza kulihesabia kingo zake. Ukungu alijifuta uso kwa kile kitambaa laini cha kufutia lenzi. Mpaka leo hajakitumia kwa kazi nyingine.

Sisi tuligombania sifa. Afande alisema pumzi, Profesa alisema dunia, na kila mmoja alisema alimwambia mwenzake tangu mwanzo.

Tukiwa kwenye hayo, akaja mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa, na vitambaa kwapani, akiulizia fundi cherehani. Ukungu alimwonyesha dirisha, kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akamwonyesha na picha. Yule mama aliitazama kwa muda.

– Imetulia, alisema. Kwani anacheka nini?

Afande alichungulia ndani ya kikombe chake, kana kwamba jibu limebaki kwenye mashapo. Mimi nilikuwa bado nimeelekea kinyume na dunia. Na pale juu, dirishani, kicheko kilikuwa hakijaisha.